Maua ya Chuma Dirishani

Akina mama wengi tukipita katika mitaa ya Majengo, Dodoma, tukielekea sokoni, hatukosi kugeuza shingo. Geti moja lina tausi wawili wa chuma, jingine lina jua linalochomoza. Madirisha yana maua, nyota na mioyo. Hakuna anayedai kiingilio kwa sanaa hii. Fundi wa kuchomelea amekunja nondo, akazipaka rangi ya kuzuia kutu, nasi wapita njia tunafaidi.

Kuilinda nyumba si jambo geni kwetu. Wagogo walijenga nyumba za tembe, zenye paa bapa la udongo, kuuzunguka ua ili mifugo ilale salama ndani. Huko Zanzibar, mlango mzito wa kuchonga ulikuwa kinga na vilevile fahari ya mwenye nyumba. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, nyumba mpya zimezidi kujengwa, na grili pamoja nazo.

Lakini, mama mwenzetu, chuma kinachomzuia mwizi kuingia humzuia pia mtoto kutoka. Usiku mmoja tulifanya jaribio nyumbani. Tulizima taa, tukawaambia watoto kwamba kuna moto na mlango wa mbele haupitiki. Walikimbilia dirishani, wakayashika maua yale mazuri, wakasimama. Hapakuwa na pa kupita. Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza.

Tufanye nini basi? Unapoagiza grili, mwambie fundi kwamba katika kila chumba cha kulala iwepo sehemu inayofunguka kwa bawaba, yenye nafasi ya kumpitisha mtu mzima. Kufuli likae ndani. Wavu wa mbu nao ufunguke. Ufunguo utundikwe mahali ambapo mtoto ataufikia gizani, lakini mkono wa mtu aliye nje hautaufikia. Ikiwa grili zako zimekwisha kuwekwa, fundi anaweza kukata sehemu moja na kuitia bawaba bila kuharibu nakshi. Kisha fanyeni mazoezi, na kila mmoja aijue namba ya Zimamoto: 114.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tuendelee kuipamba mitaa yetu. Ila leo, kabla ya kulala, muulize mwanao: ufunguo uko wapi?