Geuza Paneli Usome Mgongo Wake

Paneli yangu ya kwanza ya sola hapa Kitomanga ilibandikwa maandishi ya wati 100. Kila ikifika saa mbili usiku taa zilizima, mama akarudia koroboi. Fundi aliipima saa sita mchana, jua likiwa utosini: ampea 3 tu. Paneli ya kweli ya wati 100 kwa betri ya volti 12 hukaribia ampea 6, nyaya zake mbili zikiunganishwa kwenye mita. Niliuziwa nusu kwa bei ya nzima.

Sasa, kabla ya kulipa, naigeuza paneli na kusoma kibandiko cha nyuma: wati, volti, ampea. Natafuta alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), nadai risiti na dhamana ya maandishi, kisha naomba ipimwe juani. Muuzaji mwaminifu haikatai mita.