SUNGURA NA MAJIRANI ZAKE UANI

Katika mashamba yaliyogawiwa wakulima kuanzia miaka ya 1960, kama yale ya Ndalu, Naitiri na Tongaren, na hata kandokando ya mji wa Kitale, ni kawaida kumwona mtoto wa shule na sungura wake wawili watatu. Huwanunua kwa pesa zake ndogo au hupewa na rafiki, na kila jioni huwakatia majani. Hawa ni wapenzi wake, tena ni mali yake ya kwanza.

Lakini mara nyingi mali hiyo hupotea kwa usiku mmoja. Asubuhi mtoto hukuta manyoya tu, na wakubwa husema, "Sungura hawana maisha." Si kweli. Sungura akitunzwa vema huishi miaka mitano na zaidi. Wengi hufa kwa sababu tumewachanganya na wanyama wengine bila mpango.

SI YULE WA HADITHI

Sungura mjanja wa hadithi ni wa porini. Hulala juu ya ardhi, na akiona hatari hutimua mbio. Huyu tunayemfuga ni wa jamii nyingine, na asili yake ni Ulaya, pande za Hispania. Yeye huchimba shimo, na kinga yake ni kujificha humo. Ukimfuga chini atachimba atoroke. Ukimzuia asichimbe, hana pa kukimbilia. Basi yafaa umpe nyumba itakayokuwa badala ya shimo lake.

NYUMBA YAKE

Ijenge juu ya nguzo, sakafu iwe futi 3 kutoka chini. Chumba cha sungura mmoja mzima kiwe kama futi 3 kwa futi 2. Sakafu iwe ya fito au mianzi, yenye nafasi ndogo za kupitisha mavi, lakini zisinase mguu. Madume wasikae pamoja, maana watapigana.

Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari, na usiku kuna baridi. Baridi kavu haimdhuru sungura. Kulowa na upepo ndivyo vimleteavyo ugonjwa wa mapafu. Ziba upande wa upepo, na paa litokeze mbele. Pawe na kivuli pia, kwa maana jua kali humwua upesi kuliko baridi. Mbuzi wafungwe mbali, kwani hula nyasi za paa na kujikuna kwenye nguzo mpaka nyumba ilale upande.

Wakati wa mvua jihadhari na siafu. Sungura aliyefungiwa hawezi kuwakimbia. Simamisha kila nguzo ndani ya mkebe wenye oili chafu, na fyeka majani yote kuzunguka nyumba. Jani moja tu lililoegemea ukuta ni daraja la siafu.

MBWA NA PAKA

Mbwa hahitaji kumwuma sungura ili amdhuru. Sungura jike hubeba mimba siku 31 hivi, na akitishwa na mbwa siku za kuzaa huweza kuwaacha watoto wake au kuwaua. Mfunge mbwa mbali, wala asizoee kunusa chini ya nyumba hiyo. Paka na panya hula watoto wa sungura. Kwa hiyo wavu wa dirisha uwe wa matundu madogo.

Kuna jambo jingine wasilolijua wengi. Ukichinja sungura ukaona ndani yake vifuko vya maji kama punje za mbaazi, hao ni watoto wa tegu. Ukimtupia mbwa matumbo hayo mabichi, tegu hukua tumboni mwake; mbwa hunya majanini, na sungura hula majani yale. Mzunguko huo haukomi mpaka wewe uukate. Matumbo yachemshwe sana au yafukiwe chini kabisa. Usikate majani ya sungura mahali mbwa wanapopitapita, na mbwa apewe dawa ya minyoo.

KUKU

Watu husema kuku humwambukiza sungura kuhara damu. Sivyo, vijidudu vya kuku ni vya kuku, na sungura ana vyake. Hata hivyo wasilale nyumba moja. Viroboto wa kuku humhamia sungura masikioni, na mavi ya kuku huchafua maji na chakula chake.

Hatari kubwa zaidi imo katika gunia. Vyakula vingine vya kuku vya dukani vimetiwa dawa ya kuzuia kuhara damu, na baadhi ya dawa hizo, kama salinomaisini, ni sumu kwa sungura. Usimpe sungura chakula cha kuku, hata mabaki. Mpe nyasi kavu, majani ya viazi vitamu na kishona nguo, yakiisha kunyauka kidogo. Majani ya parachichi, nyanya na viazi ulaya usimpe kamwe.

MWENYE MALI NI NANI?

Vyama vya 4-K vilivyofufuliwa shuleni mwaka 2021 huwafundisha watoto kilimo na ufugaji. Lakini mafundisho hayo huharibika nyumbani mgeni akija ghafula, na baba akachinja sungura wa mtoto bila kumwuliza. Mtoto hulia siku moja, kisha huacha kukata majani, kwa maana amejifunza kuwa kazi yake ni ya mtu mwingine.

Ndugu mkulima, ukitaka sungura mmoja kwa kitoweo, mwombe mwenyewe, na umlipe kama ungalivyomlipa jirani. Kisha mwambie aandike pesa hizo katika daftari lake. Mwana aliyezoea kuangalia nguzo, siafu na maji ya sungura wawili, kesho utamwachia ng'ombe bila wasiwasi.