Kumwelimisha Mtumiaji wa Tovuti Juu ya Kivinjari Kilichopitwa na Wakati

Utangulizi

Mwalimu wa leo hutegemea tovuti katika shughuli zake nyingi: husoma vitabu, hujaza fomu na hutazama matokeo ya mitihani. Hata hivyo, katika kuwatembelea wanachuo wetu walio kwenye mazoezi ya kufundisha, kutoka Chidya hadi vijiji vya Newala juu ya uwanda wa Makonde, tumeona kwamba wengi hutumia simu na kompyuta zilizokwisha kupita mikono kadhaa. Mwanachuo mmoja alijaza fomu ya maombi kwa simu aliyoachiwa na kaka yake. Kila alipofika mwisho, kitufe cha kutuma hakikuitika. Sisi wenyewe tulimkaripia tukidhani kwamba ameruka swali. Siku ya mwisho ikapita. Baadaye tuligundua kwamba kivinjari chake kilikuwa cha zamani mno, na ukurasa ule haukumwambia neno. Makala haya yanakusudia kueleza sababu za kusasisha kivinjari, na namna mwalimu awezavyo kulifundisha jambo hilo.

Kivinjari huchakaa vipi?

Kivinjari ni programu inayoleta kurasa za tovuti na kuzionyesha kwenye kioo; Chrome, Firefox na Safari ni mifano yake. Hakichakai kwa kutumika, kama jembe. Huchakaa kwa sababu tatu.

Kwanza, lugha zinazotumika kuandikia kurasa huongezewa maneno mapya, na kivinjari cha zamani hakiyaelewi. Ndipo picha zinapokosekana na vitufe kukaa kimya. Pili, kasoro za usalama hugunduliwa kila mara, na wezi wa maneno ya siri huzipitia. Watengenezaji huziziba katika toleo jipya tu. Tatu, kabla ya kuzungumza, kivinjari na tovuti hupatana juu ya namna ya kuficha maneno yao, na tovuti hutoa cheti cha kujitambulisha. Kivinjari kisichojua taratibu mpya wala vyeti vipya hukataliwa mlangoni.

Tatizo hili si geni. Internet Explorer 6 ilitolewa mwaka 2001, lakini miaka minane baadaye ilikuwa bado ikitumiwa na watu wengi. Julai 2009 tovuti ya YouTube iliwawekea watumiaji wake tangazo lililowataka wahamie vivinjari vipya. Machi 2011 Microsoft, kampuni iliyoitengeneza, nayo ilianzisha kampeni ya kuwashawishi watu waiache. Wengi hawakuwa wakaidi: walitumia kompyuta za ofisi ambazo hawakuruhusiwa kuzibadili. Basi tusiharakishe kumlaumu mtumiaji.

Hatua za kufundishia

(a) Kuanza na lijulikanalo. Kwetu kusini, mtoto wa mkulima wa korosho anaujua ubwiri unga. Anajua pia kwamba salfa iliyopulizwa mwaka jana hailindi maua ya mwaka huu. Mwalimu aulize kwa nini mkulima hurudia kazi hiyo kila msimu, kisha aliunganishe jibu na kivinjari: kinga ya jana haitoshi kwa adui wa leo.

(b) Kuchunguza. Kila mwanafunzi afungue mipangilio ya kivinjari chake, atafute sehemu ya maelezo yake, na aandike jina na namba ya toleo. Aangalie pia tarehe ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na vyeti vyote huonekana batili. Kosa hilo huponywa kwa kurekebisha saa na kubadili betri, wala si kwa kusasisha kivinjari.

(c) Kutenda. Usasishaji ufanywe kutoka duka rasmi la programu la simu, au ndani ya mipangilio ya kivinjari chenyewe. Kwa kuwa data ni ghali, mwalimu aeleze kabla kwamba kazi hiyo itakula sehemu ya bando, ili mwanafunzi achague wakati unaofaa.

(d) Kupima. Mwanafunzi amweleze mzazi au jirani, kwa maneno yake mwenyewe, sababu ya kusasisha. Akishindwa kueleza, amekariri hatua tu.

Tahadhari mbili

Wako matapeli wanaotengeneza matangazo ya uongo yasemayo, "Kivinjari chako kimepitwa na wakati, bonyeza hapa." Anayebonyeza hupakua programu ya kumwibia. Kwa hiyo mwanafunzi tuliyemzoeza kutii kila tangazo tumemweka hatarini. Tumfundishe kuufunga ukurasa huo na kwenda mwenyewe kwenye duka rasmi.

Pia zipo mashine zisizoweza kusasishwa. Kompyuta yenye Windows 7 haipati Chrome iliyo mpya kuliko toleo la 109, lililotolewa Januari 2023. Kumwambia mwenye mashine hiyo "sasisha" bila kumpa njia nyingine ni kumfungia mlango.

Walimu wanaosimamia tovuti za shule wanaweza kuandika tangazo kama hili: "Ukurasa huu hauwezi kutuma fomu yako kwa kivinjari hiki. Tafadhali kisasishe kutoka duka rasmi la programu, kisha urudi. Ikiwa simu yako haikubali, fika ofisini upewe fomu ya karatasi." Tangazo hilo linataja tatizo, linaonyesha hatua, na halimwachi mtu njiani. Aidha halina kiungo cha kubonyeza, hivyo halimzoezi msomaji tabia ambayo matapeli huitegemea.

Hitimisho

Kusasisha kivinjari ni kazi ya dakika chache, lakini kuelewa sababu yake ni elimu inayodumu hata vivinjari vya leo vitakapokuwa vya kale. Yule mwanachuo wetu alihitaji sentensi moja tu ya kumweleza kilichotokea. Haikuwepo kwenye ukurasa, na sisi wakufunzi wake hatukuwa nayo. Yatupasa tuwe nayo kabla ya fomu nyingine kufungwa.