Msambweni na Urithi wa Kiti cha Rais

Tarehe 21 Agosti, 1978, Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, alizuru Msambweni katika wilaya ya Kwale. Ziara hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Usiku wa kuamkia tarehe 22 alifariki katika Ikulu ya Mombasa.

Je, ni nani angekikalia kiti chake? Sheria ilikuwa imekwisha jibu: Makamu wa Rais ashike madaraka kwa muda wa siku 90, na katika siku hizo Rais mpya achaguliwe. Mwaka 1976 baadhi ya wanasiasa walitaka kifungu hicho kibadilishwe, wasifaulu. Basi siku ile ile ya msiba Bwana Daniel arap Moi aliapishwa mjini Nairobi, na mwezi Oktoba akawa Rais kamili bila kupingwa.

Katiba ya mwaka 2010 iliugeuza utaratibu huo: Rais akifariki, Naibu wake humaliza muda uliosalia.

Hapana nchi isiyofiwa na kiongozi. Heri ile iliyoandika sheria ya urithi kabla ya siku ya matanga.