Bunia: Mama akishapasuliwa, nani anamchunga usiku?

Mtoto akilia ndani ya chumba cha upasuaji, jamaa wanaongoja nje huanza kushukuru Mungu. Lakini kwa mama aliyepasuliwa, hatari bado haijaisha. Anaweza kuvuja damu ndani ya tumbo bila mtu kuona. Siku chache baadaye kidonda kinaweza kuoza na kuleta homa.

Utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika, na kutolewa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Global Health, ulionyesha kwamba karibu mama 5 kati ya 1,000 waliojifungua kwa upasuaji walikufa. Hiyo ni mara 50 zaidi ya nchi tajiri. Tatizo lililoonekana zaidi ni kuvuja damu nyingi.

Mwili hutoa ishara mapema. Damu ikipungua, mara nyingi moyo huanza kwenda mbio kabla presha haijashuka. Ndiyo maana shirika la afya duniani, OMS, linaomba mama apimwe mara kwa mara katika saa 24 za kwanza. Ila muuguzi mmoja akibaki usiku na chumba kizima cha wagonjwa, kipimo cha saa sita kinaweza kufanyika alfajiri.

Katika nchi jirani ya Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mbarara na wenzao wa Massachusetts General Hospital ya Marekani wamejaribu njia nyingine. Mama aliyepasuliwa anavalishwa kifaa kidogo kinachofuata mapigo ya moyo na ishara zingine za mwili, na kutuma vipimo bila waya. Vipimo vikiharibika, wahudumu wanapata onyo.

Kwa Ituri, kifaa kama hicho kingesaidia sana akina mama, wakiwemo wanaofika Bunia wakikimbia vita Djugu na Irumu. Lakini kinahitaji umeme na mtandao. Tena, onyo peke yake halitibu: lazima awepo muganga wa kuitika, damu ya kuongezea, na chumba cha upasuaji kilicho tayari.

Kwa sasa, anayelala kando ya kitanda ndiye macho ya kwanza. Mama akitoka jasho la baridi, akisikia kizunguzungu, akipumua haraka, moyo ukienda mbio, akiwa na homa au damu ikilowesha vitambaa upesi, usingoje asubuhi. Amsha muuguzi.