Keki hutoka Mbarara ikiwa nzima

NAKIVALE/MBARARA. Mwezi Juni ukiingia na mvua za masika zikikatika, Ankole huingia katika msimu ambao wenyeji huuita ekyanda na watu wa pwani wangeuita kipupwe. Usiku ni baridi, mchana ni jua na upepo, na barabara za udongo zinapitika. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hapo ndipo kamati za harusi huanza kukutana kwa bidii. Maharage na mahindi ya msimu wa kwanza yameanza kuingia, na lori halikwami. Anayepanga harusi Aprili anapanga na tope.

Wanachosahau wengi ni vumbi.

Vitu vingi vya harusi kubwa Nakivale hutoka Mbarara, umbali wa kilomita zipatazo 60: gauni la kukodi, suti, keki, maua ya plastiki, spika, mpiga picha na gari la maharusi. Safari huanza vizuri, kwa lami ya barabara ya Kikagati hadi Kabingo, makao makuu ya Isingiro. Ukiiacha lami kuelekea makazini, barabara ya udongo inaanza, nayo ina mawimbi kama bati. Keki ya ghorofa tatu hutoka Mbarara ikiwa nzima. Ikifika imelala ubavu, na sukari ya juu imepata rangi ya kahawia. Waokaji waliokwisha kuumwa na barabara hiyo hupakia kila ghorofa katika boksi lake, hubeba kopo la sukari laini, kisha huijenga keki ukumbini. Wasiojua huipamba dukani ili mteja aione na kufurahi, halafu mteja huyohuyo hudai fedha zake saa tisa alasiri mbele ya wageni.

Anayeuza Nakivale anauza katika soko lisilo la kawaida. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958, na yalipokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959. Leo kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022 na Somalia Machi 2024, lakini katika soko la Base Camp Mkongo, Msomali na Mnyankole walikuwa wakiuziana na kukopeshana miaka mingi kabla ya viongozi kutia saini. Harusi moja inaweza kuwa na mchele wa duka la Msomali, vitenge vya mama wa Kikongo na lori la Mnyankole, na bei zote zikajadiliwa kwa Kiswahili.

Vitenge ndivyo huleta ugomvi wa kwanza. Kina mama wa upande wa bibi harusi huchagua sare ya kitenge kimoja, mathalani kwa watu 40. Mfanyabiashara ana vipande 30. Anaagiza vilivyobaki Kikuubo, Kampala, na vinakuja vya maua yaleyale lakini buluu yake imepauka kidogo. Picha zitaonyesha kina mama wa aina mbili, na watu watasema wale wa nyuma ni wa upande maskini. Wapo wanaotaka kuokoa shilingi kwa kuchukua vitenge ng'ambo ya mpaka, Mutukula au Murongo, wakidhani utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani utawafunika. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mchele wa Tanzania unaweza kupita nao. Kitenge kilichochapwa China hakipiti nao, hata kikiwa kimelala dukani Bukoba mwaka mzima, na kumweleza ofisa kwamba ni cha harusi hakupunguzi ushuru.

Mambo mengine hayana uhusiano na vumbi wala rangi. Harusi za Nakivale huendeshwa kwa michango, na michango hupitia kwenye simu. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu, huduma za kutuma fedha kwa simu zilizimwa Uganda kwa siku kadhaa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, siku ambayo mweka hazina wa harusi ya Jumamosi hukusanya ahadi za mwisho. Uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilikatwa kuanzia jioni ya tarehe 13, na Jumamosi ya tarehe 16 ilipita bila kundi la WhatsApp la kamati yoyote. Mwuzaji mwenye harusi mkononi afadhali aitazame kalenda ya uchaguzi kama anavyoitazama ya mvua.

Uviko nao ulipiga karamu yenyewe. Machi 2020 Rais Yoweri Museveni aliruhusu ndoa zenye watu wasiozidi 10, na Juni 2021, katikati ya kipupwe, kikomo kikawa 20. Aliyekwisha kulipia hema la watu 300 alibaki anabishana na mwenye hema kuhusu arbuni, na kwa kuwa mikataba mingi ni ya mdomo, hakukuwa na karatasi ya kusoma.

Mahari ina balaa lake. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa miguu na midomo ulizifanya wilaya nyingi za ukanda wa ng'ombe, Isingiro ikiwemo, ziwekwe karantini. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawakuruhusiwa kusafirishwa na minada ikafungwa. Kwa familia inayohesabu mahari kwa ng'ombe, njia zilibaki mbili: kugeuza ng'ombe kuwa fedha, au kumhesabu akiwa bado kwenye zizi la bwana harusi. Njia ya pili inaonekana rahisi hadi ng'ombe huyo anapozaa, halafu ndama anakuwa wa nani?

Na kuna viti vinavyobaki vitupu. Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna mwishoni mwa Februari 2019, na haukufunguliwa kikamilifu hadi Machi 2022. Bunagana ilichukuliwa na M23 tarehe 13 Juni 2022. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi hao mwishoni mwa Januari 2025, benki zake zilifungwa, na mjomba aliyetarajiwa kutuma fedha za vinywaji akabaki hana pa kuzitumia. Hayo si makosa ya kamati, lakini soda zilikuwa zimekwisha kuagizwa.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapopaswa kusimama. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwenye msaada wa chakula. Mgao huo, uwe chakula au fedha taslimu, ulikuwa pia dhamana ya kimyakimya ya ahadi za harusi: mtu aliyejua atapata kitu mwisho wa mwezi aliweza kuahidi kreti moja ya soda. Ahadi bado zinatolewa, kwa sababu ni aibu kukaa kikaoni bila kutaja chochote, na katibu anaziandika zote kana kwamba ni fedha. Mwuzaji anayeletewa daftari hilo kama uthibitisho afadhali aulize ni kiasi gani kimekwisha kulipwa. Kupeleka mzigo wote kwa mkopo ni kuwafanyia maharusi harusi kwa mtaji wako.

Walio wazoefu wa njia ya Nakivale wana masharti machache. Nusu ya bei hulipwa kabla gari halijawashwa Mbarara. Mzigo hufika Ijumaa jioni, maana Jumamosi asubuhi barabara ina magari ya harusi nyingine pia. Gauni husafiri ndani ya mifuko miwili ya plastiki na huvaliwa likishafika. Bibi harusi anayevalia saluni ya Mbarara ili apigwe picha mjini hushuka Nakivale na pindo jekundu.

Jumatatu gauni linarudishwa. Mwenye duka hulitandaza mezani, huanza na pindo, kisha mikono, kisha hutafuta shanga zilizodondoka. Dada wa bibi harusi husimama kando, akitazama rehani ya gauni ambayo bado iko ndani ya droo.