Draiva ghali si dawa: mpira wa gofu huenda mbali fimbo ikimfaa mchezaji

Arua. Ukitoka Koboko kwa barabara kuu, unapita Manibe kabla ya kuingia jiji la Arua, ulipo uwanja wa gofu wa West Nile. Mchezaji wa huku anayetaka draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, anaweza kupata ya mtumba au kuagiza kwa jamaa aliye Kampala, Nairobi au ng'ambo. Kishawishi ni kutazama jina la kampuni na bei. Kabla ya kutoa fedha, ni vizuri ajiulize kama fimbo hiyo inamfaa yeye.

Kasi ya mpira ina mipaka. Kichwa cha draiva kikifika kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa na kugonga mpira katikati kabisa ya uso wake, mpira huondoka kwa takriban kilomita 225, yaani mara moja na nusu. Kupita hapo ni vigumu, kwa sababu R&A na USGA, vyombo vinavyotunga sheria za gofu duniani, vimeweka kikomo cha jinsi uso wa fimbo unavyoruhusiwa kurusha mpira. Kwa hiyo draiva mbili halali, moja ghali na nyingine ya bei nafuu, hutofautiana kidogo tu zikipigwa katikati.

Tofauti huonekana mpira unapogongwa pembeni. Zamani vichwa vilikuwa vya mbao, vidogo na vizito katikati. Mwaka 1991 kampuni ya Callaway ilitoa Big Bertha ya chuma, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 190, ikaonekana kubwa ajabu. Leo sheria inaruhusu 460, na vichwa vingi ni vya titani. Uzito ukisogezwa kwenye kingo, kichwa hakipindi sana kikigonga vibaya. Hata hivyo, kosa bado lina gharama: kasi ya mpira ikishuka kutoka kilomita 225 hadi 210, mchezaji hupoteza mita 15 hivi.

Hapo ndipo vipimo vinapohitajika. Draiva nyingi za dukani zina urefu wa inchi 45 hadi 46. Fimbo ndefu huongeza kasi ya kichwa cha fimbo, lakini humfanya mchezaji wa kawaida akose katikati. Mpini wenye herufi S ni mgumu, wa R hunyumbuka zaidi na huwafaa wengi wenye kasi ya wastani. Mwinamo wa uso nao una kazi yake. Mwenye kasi ndogo akinunua draiva ya nyuzi 9 kwa kuwaiga mabingwa, mpira wake huruka chini na kuanguka mapema. Nyuzi 10.5 au 12 zingemfikisha mbali zaidi.

Arua ina jambo jingine la kuzingatia. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya pwani. Mpira unaoruka mita 200 Mombasa unaweza kufika karibu mita 209 hapa. Nairobi, iliyo juu zaidi, huongeza tena. Lakini hewa nyepesi pia hupunguza nguvu inayouinua mpira, hivyo fimbo iliyopimwa pwani huenda ikahitaji mwinamo zaidi kidogo huku.

Asiye na mashine ya kupimia ana njia rahisi. Apake poda ya miguu kwenye uso wa draiva, apige mipira kumi, kisha atazame alama. Zikitawanyika, ashike mpini chini kwa sentimita mbili au tatu na apige kumi nyingine. Alama zikikusanyika katikati, amejua kuwa anahitaji fimbo fupi. Kwa ya mtumba, akague kama uso una ufa na kama kichwa kinalegea, kisha atafute jina la draiva hiyo kwenye orodha ya fimbo halali inayotolewa na USGA na R&A.

Majaribio hayo yafanyike kabla ya kulipa. Fimbo iliyovuka mpaka kutoka Nairobi si rahisi kuirudisha.